Harusi moja, gigabaiti 360, na tangazo la kasi isiyo na kikomo

Kazi yetu ni kupiga picha na video za sherehe. Sendofu, kichenpati, ndoa, mahafali, na mara mojamoja familia hutuita msibani. Ofisi ni chumba kimoja na varanda hapa Kinondoni. Tuko wawili, mimi na mwenzangu, pamoja na vijana wa kamera tunaowapigia simu shughuli zikibanana. Mtu aliye nje ya kazi hii huona albamu na video ya saa mbili akadhani mzigo ndio huo. Mzigo wenyewe ni mkubwa zaidi. Kamera yetu hurekodi video ya 4K kwa megabiti 100 kila sekunde. Gawanya kwa 8 upate megabaiti, kisha zidisha kwa sekunde 3,600 za saa moja: gigabaiti 45. Kamera mbili, kila moja ikirekodi saa nne, tangu bibi harusi yuko saluni mpaka MC anapowaaga wageni, unarudi ofisini na gigabaiti 360.

Na hakuna kurudia. Baba mzazi hawezi kuombwa arudi ukumbini aombe dua upya kwa sababu diski imekufa.

Kwa muda mrefu kinga yetu ilikuwa diski mbili za nje, zote katika kabati moja. Kabati moja maana yake mwizi mmoja, moto mmoja, au mvua moja ya Aprili ikipita kwenye dari, na vyote vimekwenda. Ndiyo maana tulipoona tangazo la kampuni moja ya nje inayohifadhi nakala za mafaili mtandaoni, tulilipokea kwa mikono miwili. Nafasi haina kikomo, kasi ya kupandisha haina kikomo, mteja habanwi hata awe na data kiasi gani, ada ni moja. Tukalipia.

Ofisini tulikuwa na faiba ya megabiti 20, kupanda 20 na kushuka 20. Kwa hesabu hiyo ni megabaiti 2.5 kwa sekunde, yaani gigabaiti 9 kwa saa, na harusi nzima ingepanda kwa saa 40. Ukianza Jumapili jioni, Jumanne mchana umemaliza na unaendelea na kazi nyingine. Nikachomeka diski, nikaiamuru programu ianze. Namba iliyotokea kwenye kioo ilikuwa kilobaiti 230 kwa sekunde. Ikapanda kidogo, ikashuka, ikarudi palepale. Chini yake programu ikaandika muda uliobaki: siku 18.

Siku 18 kwa harusi moja. Wenye kazi hii wanajua msimu ulivyo: kabla ya Ramadhani watu wanakimbilia kuoa, kabla ya Kwaresima vilevile, na Desemba ndiyo usiseme. Kabla mzigo wa Jumamosi hii haujafika hata nusu, wa Jumamosi ijayo umeshaingia. Foleni ya namna hiyo haiishi, inazidi kurefuka tu. Halafu kuna hatari ambayo tangazo haliigusi: kwa siku zote ambazo faili liko kwenye foleni, faili hilo halina nakala. Programu inaonyesha alama ya kijani, inasema inaendelea, na wewe unalala ukiamini una kinga ambayo bado hujaipata.

Nikapiga simu kwa watu wa faiba. Kijana wa huduma kwa wateja alikuwa mstaarabu. "Dada, naomba upime spidi, kisha unitumie picha ya majibu." Nikapima: kupanda 19.6. Akasema, "Unaona dada, laini yako iko vizuri, tatizo haliko kwetu." Nikawaandikia wenye huduma ya kuhifadhi. Jibu likaja na heshima zake zote: hatumbani mteja yeyote, mtandao wetu una nafasi tele, tafadhali wasiliana na mtoa huduma wako wa intaneti.

Hapo ndipo nilipokasirika, na hasira hiyo sijaimaliza mpaka leo. Kila mmoja alisema kweli kuhusu kipande chake cha njia. Laini ya faiba ilikuwa inatoa ilichoahidi. Kampuni ya nje kweli haikuwa imeweka breki. Mimi niliyewalipa wote wawili ndiye niliyeachiwa kazi ya kutafuta ni wapi katikati yao mafaili yangu yanakwama. Mteja wa kawaida, mwalimu anayehifadhi mitihani au fundi wa picha wa Tandika, ataishia hapo, aamini kwamba intaneti ya Afrika ndivyo ilivyo, aendelee kulipa kila mwezi.

Kitu cha kwanza kilichonipa mwanga ni ile namba yenyewe. Nilikuwa nimezoea intaneti inayoyumba: asubuhi nzuri, saa mbili usiku watu wote wakiwa nyumbani inachechemea, saa nane usiku inapaa. Msongamano una tabia hiyo. Hii yangu haikuyumba. Nikaamka saa nane usiku kuangalia, ikasoma kilobaiti 230. Saa sita mchana, 230. Jumapili asubuhi watu wako kanisani, 230. Kasi inayoganda namna hiyo haitokani na foleni ya watu. Kuna kitu kimepangwa mahali fulani.

Kitu cha pili ni kipimo cha spidi. Zile tovuti za kupima huchagua seva, yaani kompyuta ya kupokea na kutuma data, iliyo karibu nawe, na ya kwangu ilikuwa hapahapa Dar es Salaam. Data yangu ilitoka Kinondoni ikaenda kilomita chache na kurudi. Tena kipimo hicho hufungua miunganisho kadhaa kwa wakati mmoja ili kijaze laini. Ni kipimo halali cha laini yako mpaka kwa mtoa huduma wako, ila hakisemi lolote kuhusu safari ya kwenda pwani ya magharibi ya Marekani, ambako mafaili yangu yalikuwa yanapelekwa.

Kuna kijana alikuwa anafunga mitandao kwenye kampuni moja ya intaneti kabla ya kujiajiri. Nilimpigia harusi yake, kwa hiyo hakuninyima muda wake. Alikuja jioni, akavuta kiti cha plastiki, akaomba nimfungulie kile kidirisha cheusi cha kuandika amri, akapiga pingi kwenye seva ya kampuni ile, yaani akapima muda ambao ujumbe mdogo huchukua kwenda huko na kurudi. Kila mstari ulirudi na milisekunde 280, pengine 279, pengine 283. Akaniuliza, "Programu yako inapandisha kwa kilobaiti ngapi?" Nikamwambia 230. Akacheka kidogo, akaomba kalamu.

Aliniandikia nyuma ya risiti. Kompyuta inapotuma data kwa njia ya TCP, utaratibu wa kawaida wa kusafirisha data kwenye intaneti, haimwagi kila kitu kwa mkupuo. Inatuma kiasi fulani, kisha inangoja upande wa pili uthibitishe kwamba umepokea, ndipo inatuma kingine. Kiasi hicho, katika muundo wa asili wa TCP ulioandikwa mwaka 1981, mwisho wake ni baiti 65,535, kwa sababu sehemu iliyotengwa kukiandika ina biti 16 tu. Mwaka 1992 palitolewa njia ya kukikuza, na kompyuta za leo zote zinaijua njia hiyo. Lakini mtengeneza programu anaweza kuipangia programu yake kiasi kidogo, na programu ikabaki nacho hata kompyuta ikiwa na uwezo mkubwa. Basi chukua 65,535, gawanya kwa sekunde 0.28. Akaandika jibu, akalipigia mstari chini mara mbili: baiti 234,000 kwa sekunde. Ni ile namba yangu iliyoganda.

"Ni mtu anayechota maji kwa ndoo moja," akasema. "Kisima kiwe na maji kiasi gani, barabara iwe pana kiasi gani, atakachojaza kwa siku kinategemea ukubwa wa ndoo na urefu wa njia. Tangazo lako lilizungumzia kisima."

Risiti ile nimeibandika ukutani juu ya meza ya kuhariria. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunieleza kwamba umbali peke yake, bila mtu yeyote kukubana, unaweza kula kasi yako. Mwanga ndani ya nyuzi za faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam mpaka California ni kama kilomita 16,000 ukinyoosha mstari juu ya dunia, kwenda na kurudi 32,000, kwa hiyo hata kama mkongo ungenyooka kama rula safari isingepungua milisekunde 160. Mikongo hainyooki. Inazunguka pwani, inapita Bahari ya Shamu au Afrika Kusini, inaingia Ulaya, inavuka Atlantiki, inakatisha Marekani yote. Hizo 280 hakuna wa kumlaumu. Wa kulaumiwa ni anayeuza kasi isiyo na kikomo dunia nzima huku programu yake imepangwa kwa ajili ya mteja anayeishi jirani na seva. Mteja aliye California mwenye milisekunde 10 angepata megabaiti 6 na nusu kwa sekunde kwa programu ileile, wala asingehisi kitu.

Tulithibitisha usiku uleule. Tukafungua programu mara mbili, kila moja na folda yake. Zote mbili zikasoma 230, laini ikabeba 460. Kumbe dari haikuwa ya laini wala ya akaunti, ilikuwa ya kila muunganisho mmoja mmoja. Kijana akaingia kwenye mipangilio ya programu, kwenye ukurasa ambao hakuna mtu anaufungua, akakuta mahali pa kuweka idadi ya mafaili yanayopanda kwa pamoja. Palikuwa na 1. Akaweka 8. Baada ya dakika chache namba ikasimama karibu na megabaiti 1.8 kwa sekunde. Siku 18 zikawa saa 54.

Nataka msomaji alitazame hilo vizuri. Kampuni ileile, laini ileile, fedha ileile, kompyuta ileile. Namba moja kwenye ukurasa uliofichika ndiyo ilikuwa tofauti kati ya huduma inayofaa na isiyofaa. Yule aliyenijibu kwa heshima zote akanirudisha kwa mtoa huduma wangu alikuwa na anwani yangu mbele yake, imeandikwa Tanzania. Sentensi moja ingetosha: ukiwa mbali, ongeza idadi ya mafaili yanayopanda pamoja. Hakuiandika, na tangazo lao halina sehemu inayomtaja mtu aliye mbali.

Si kila huduma inaruhusu kubadili kitu hicho. Nyingine zimefungwa kabisa, unachopewa ndicho hicho. Kwa huduma zinazokubali programu za watu wengine kuna rclone, programu ya bure inayoendeshwa kwa amri, ambayo yenyewe huanza na mafaili manne kwa pamoja na unaweza kuongeza. Haina sura nzuri, na mwenzangu hakuipenda. Mimi naiamini kwa sababu inasema waziwazi inafanya nini na kwa kasi gani.

Baada ya hapo tulianza kuona mengine. Folda za video zilikuwa zinakwenda vizuri, folda za picha zikawa zinatambaa. Sababu ni vile vipicha vidogo ambavyo programu ya kuhariria hujitengenezea ili ifungue albamu haraka. Ni maelfu, kila kimoja kilobaiti chache, na kila kimoja kinataka safari yake ya kwenda na kurudi kabla ya kingine kuanza. Mafaili 10,000 kwa milisekunde 280 ni sekunde 2,800, dakika 47 za kungoja tu, data yenyewe bado. Na vipicha hivyo havina haja ya kuhifadhiwa kwa sababu programu inaweza kuvitengeneza upya. Tukaviondoa kwenye orodha, pamoja na mafaili ya muda ya kuhariri video. Vidogo ambavyo ni lazima vihifadhiwe tunavifunga pamoja katika faili moja la zip.

Halafu laini ikajaa. Tulipopandisha idadi kutoka 8 hadi 12, mwenzangu akawa anaongea na mteja kwa simu ya WhatsApp na sauti ikawa inakatikakatika, tovuti hazifunguki, kila mtu anauliza mtandao umekuwaje. Njia ya kupanda ikijaa pomoni, hata zile taarifa ndogo za kuthibitisha kwamba umepokea kitu zinakaa foleni ndani ya ruta, na hivyo hata kushusha kunakwama. Dawa yake ni kutoiachia programu laini yote. Mchana tumeipa megabiti 8 tu, kuanzia saa nne usiku inachukua yote.

Mdogo wangu aliye Tanga anafanya kazi kama yetu, ila yeye anatumia ruta ya laini ya 4G. Alipojaribu mbinu yangu hakupata nafuu niliyopata. Kwake mnyororo umekatika mahali pengine. Kwenye mitandao ya simu sehemu kubwa ya uwezo hutengwa kwa kushusha, kwa sababu ndicho watu wengi wanachofanya. Tena mnara hurusha kwa makumi ya wati, wakati simu au ruta ya nyumbani, kwa viwango vya 4G, kwa kawaida haivuki wati 0.2. Ukikaa mbali na mnara unausikia vizuri kuliko unavyokusikia, ndiyo maana video za YouTube zinashuka bila shida huku faili lako linapanda kwa kusukumwa. Na lile bando lake linaloitwa la bila kikomo lina kifungu cha matumizi ya haki: akishapita kiasi fulani cha gigabaiti, kasi inashushwa mpaka mwezi uishe. Mtu wa kutazama mitandao ya kijamii hafiki huko. Mpiga video anafika kwa harusi ya kwanza. Mdogo wangu nilimwambia aachane na kupandisha video ghafi, apandishe zile zilizokamilika na picha tu, na ghafi azitafutie diski ya pili nje ya nyumba.

Hiyo ya diski nje ya nyumba tunaifanya na sisi, na siioni kuwa ushamba. Kuna ndugu yetu Morogoro. Kila tukijaza diski ya terabaiti 4 tunaipeleka, imefungwa kwenye boksi la sponji, na data yote ndani imefungwa kwa nywila kabla ya kutoka ofisini. Kwa basi ni kama saa nne. Piga hesabu: terabaiti 4 kwa saa nne ni zaidi ya gigabiti 2 kwa sekunde, kasi ambayo hakuna mtu atakuuzia Kinondoni kwa bei ya nauli. Hata Amazon yenyewe, mwaka 2015, ilianzisha huduma ya kuwatumia wateja boksi la diski wajaze data na kulirudisha kama kifurushi, kwa sababu kwa mzigo mkubwa barabara inaishinda faiba. Basi linabeba uzito wa kwanza, intaneti inabeba nyongeza za kila siku. Siku ile ya kwanza nilipolipia huduma, ningependa kampuni ingeniambia: mzigo wako wa mwanzo ni mkubwa, usiupitishe kwenye laini.

Kwa nini najisumbua hivi? Kuna binti tulimpigia harusi Mbagala. Babu yake mzaa mama alisimama kutoa nasaha, kanzu nyeupe na kofia ya viua, kipaza sauti kakishika kwa mikono miwili kama anayeogopa kitamponyoka. Aliongea kama dakika kumi na moja. Kwenye video tuliyomkabidhi bwana harusi tulikata tukabakiza dakika mbili, maana ukumbi ulikuwa na ratiba na familia walitaka video fupi. Wiki chache baadaye binti akanipigia. Babu amefariki. "Dada, yale maneno mengine ya babu mnayo bado?" Tulikuwa nayo. Nilimpa siku hiyohiyo, akaja kuyachukua na mama yake, wakakaa pale varandani wakayasikiliza yote kwenye laptopu kabla ya kuondoka. Wao hawakujua, na sikuwaambia, kwamba wakati ule faili lile lilikuwa bado kwenye foleni ya siku 18, na nakala pekee hapa duniani ilikuwa ndani ya diski iliyokuwa imechomekwa kwenye laptopu ile.

Nikikumbuka hilo, matangazo haya siyaoni kuwa maneno ya biashara tu. Mtu anauza kinga. Akiwa hawezi kusema itachukua muda gani mpaka kinga ianze kufanya kazi kwa mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura, ameuza nusu ya kitu.

Na inawezekana kusema. Google kwenye maelezo ya Drive wanaandika bayana kwamba mtumiaji hawezi kupandisha zaidi ya gigabaiti 750 kwa saa 24. Ni kikomo, kina namba, mtu anaisoma na kupanga kazi yake. Mimi naipenda namba hiyo kuliko ahadi yoyote isiyo na mwisho. Tena ahadi za namna hiyo zinajulikana zinavyokwisha: hifadhi ya bure isiyo na kikomo ya Google Photos ilifungwa tarehe 1 Juni 2021, na waliokuwa wamejenga utaratibu wao wote juu yake wakaanza kuhesabu gigabaiti upya.

Kuna siku hata hesabu nzuri hazisaidii. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia. Pingi zikaruka, data ikazungushwa njia nyingine zilizojaa, foleni yetu ikasimama. Tunaokumbuka miaka ya kabla ya SEACOM kufika Julai 2009 tunajua tumetoka mbali. Tulikuwa tunapitia setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu, na swali na jibu lake vilichukua zaidi ya nusu sekunde. Wakati huo hakuna aliyefikiria kutuma video ya harusi nje ya nchi. Leo uwezo upo, kwa hiyo kisingizio cha kwamba Afrika ni mbali kimepungua nguvu. Microsoft walifungua vituo vyao vya data Afrika Kusini mwaka 2019, Amazon wakafungua Cape Town 2020, Google wakafuata Johannesburg 2024. Kutoka Dar es Salaam huko ni karibu mno kuliko California. Kilichobaki ni hizi kampuni za kuhifadhi nakala kumpa mteja wa huku nafasi ya kuchagua, nazo nilizozitumia mimi zinatoa Marekani au Ulaya basi. Nyingine hukuuliza siku ya kujiandikisha tu, kwenye kisanduku kidogo kilichokwisha kujazwa Marekani, na ukishabonyeza huwezi kuhama bila kufungua akaunti mpya na kupandisha kila kitu upya.

Muda tuliolipia ulipokwisha tulihama. Kabla ya kuhama niliandikia kampuni tatu maswali yaleyale. Data yangu itakaa mji gani? Naweza kuchagua? Programu yenu hupandisha mafaili mangapi kwa pamoja, na naweza kubadili? Muunganisho mmoja kutoka Dar es Salaam hadi kwenye seva yenu mmewahi kuupima, na mlipata kiasi gani? Umeme ukikatika katikati ya faili la gigabaiti 40, programu inaendelea ilipoishia au inaanza mwanzo? Mbili zilinitumia ukurasa uleule wa matangazo. Ya tatu ilinijibu swali kwa swali, ikakiri kwamba kutoka Afrika Mashariki hawajawahi kupima, ikanipa akaunti ya majaribio ya mwezi mmoja na kuniomba niwatumie nitakachopata.

Niliwapimia kwa harusi moja nzima, gigabaiti 360 zilezile, mchana na usiku, maana faili dogo la majaribio linaweza kumaliza kupanda kabla laini haijaonyesha tabia yake. Seva yao iko Ulaya, pingi milisekunde 160 na kitu. Kwa muunganisho mmoja walinipa kilobaiti 400, kwa miunganisho 8 laini yangu ya megabiti 20 ikajaa. Nilizima umeme makusudi faili likiwa katikati, likaendelea lilipoishia. Nikalirudisha chini faili moja la babu mwingine, wa harusi nyingine, nikalichezesha mwanzo mpaka mwisho. Namba zote niliwatumia. Kwenye ukurasa wao wa msaada sasa kuna aya fupi inayomwambia mteja aliye mbali na seva aongeze idadi ya mafaili yanayopanda pamoja, na kwamba mzigo wa kwanza unaweza kuchukua siku kadhaa.